Televisheni kwenye Ukuta wa Baba

Kazi yangu ni kufunga televisheni ukutani. Nafunga na madishi, natengeneza na redio zikiletwa, lakini nikiulizwa mimi ni fundi wa nini, najibu televisheni, maana ndiyo kazi inayonipa jeuri. Nimefunga kwenye matofali ya kuchoma, kwenye matofali ya saruji, kwenye mbao, na mara moja kwenye ukuta wa udongo kule Kolo, ambako nilimwambia mwenye nyumba wazi kwamba hapa tunafunga kwa imani. Duka langu liko Nzuguni. Mteja mpya akifika huuliza fundi yuko wapi. Nikimwambia ndiye mimi, hutazama kwanza nyuma yangu, labda fundi mwenyewe amejificha. Nimezoea, ila sijapoa.

Mama muuguzi hakutazama nyuma yangu. Alikuja mwezi wa saba, upepo ukivuma kweli, amejifunga kanga mbili juu ya sweta.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Basi chukua vifaa twende. Wawili wameshindwa, na wa tatu alikuja akatazama, akaaga."

Nilimpenda hapo hapo.

Alikuwa amestaafu. Miaka mingi alifanya kazi nyanda za juu kusini, kwenye baridi ya kweli, akazoea kuota moto sebuleni. Aliporudi kujenga Dodoma alitaka na sebule yake iwe na mahali pa kuotea moto, pa mawe ya asili, mawe haya haya ya vilima vyetu. Majirani walimcheka. Dodoma na joto lote hili, moto wa nini? Alinisimulia haya njiani, na kuongeza kwamba ikifika mwezi wa saba majirani hao hao ndio wanaomaliza majani yake ya chai.

Nyumba yenyewe ilikuwa nyuma ya kilima, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka dukani kwangu. Nilipoingia sebuleni nilisimama mlangoni na mkoba wangu begani, nikashindwa kuendelea.

Ukuta wa mawe ulianzia sakafuni, mpana, ukapanda mpaka darini na dohani yake. Mawe makubwa chini, ya wastani katikati, madogo juu. Hakuna mahali ambapo pembe nne zilikutana. Saruji kati ya jiwe na jiwe ilikuwa imepanguswa kwa dole gumba ikaacha mifereji laini, yote ya upana mmoja, kutoka chini hadi juu. Juu ya mdomo wa moto palitokeza rafu ya jiwe moja refu, limechongwa kwa tindo mpaka likanyooka. Nilipitisha dole gumba langu kwenye mfereji mmoja.

"Aliyejenga hapa ni mzee wa Mlali," nikasema. "Mguu wa kushoto anauvuta kidogo. Na hanywi chai isiyo na tangawizi."

Mama alinishangaa. "Unamjua?"

"Ni baba yangu."

Nilisema hivyo kifua mbele, kisha nikaumia. Mama aliniambia ukuta ule una miaka miwili, na kwamba mzee alilala pale pale kwenye jengo wiki tatu nzima. Wiki tatu baba yangu mzazi alikaa kata moja na mimi na hakunitafuta. Nyumbani waliniambia tu mzee yuko Dodoma kazini, na Dodoma ni kubwa.

Lazima nieleze jambo moja hapa. Nilipomaliza darasa la saba nilimwomba baba anifundishe mawe. Nilikuwa nimekulia kwenye mawe yake. Kila asubuhi ya likizo nilimpelekea uji wa uwele mahali anapojenga, kisha nikakaa kusubiri bakuli, kwa sababu mama yangu alikuwa mkali wa mabakuli. Baba alikunywa polepole. Kati ya funda moja na jingine aliinua jiwe, akaligonga kwa nyundo, akainamisha kichwa kulisikiliza, kisha akaliweka au akalitupa. Nilidhani akinifundisha nitakuwa kama yeye. Akanijibu kwamba mawe yatakula vidole vyangu, na binti asiye na vidole nani atamwoa. Nikaenda chuo cha ufundi nikasomea umeme. Nilipofungua duka alikuja mara moja, akatazama televisheni niliyokuwa nimeining'iniza, akasema, "Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Kuning'iniza." Nilimchukia siku ile, na siku kadhaa baadaye.

Na miaka miwili ya mwisho alikuwa haongei na mimi kwenye simu. Nikipiga, anapokea wifi yangu, mke wa kaka, ambaye anakaa naye Mlali. "Baba anasema simu ni za wavivu, wenye haja waje." Kwenda nilikwenda, sikukuu kwa sikukuu, na kukuta nyumba imejaa watu, yeye amekaa kwenye kiti chake, akiitikia shikamoo za wote kwa kichwa. Nilijua ni kazi yangu ndiyo inayomchukiza. Nilikuwa na hakika kabisa.

Sasa mama muuguzi alinieleza sababu ya mafundi kushindwa. Wa kwanza alitoboa jiwe kwa papara, akavunja biti mbili za drili na kuondoka akilalamika. Wa pili aliona ujanja ni kutoboa kwenye saruji iliyo kati ya mawe, na braketi ikang'oka na kipande cha saruji mkononi mwake kabla televisheni haijatoka kwenye boksi. Televisheni yenyewe ilikuwa kubwa, zawadi ya watoto wake, na watoto walikuwa wanakuja Jumapili na wajukuu. Alitaka waikute ukutani.

"Na mzee aliniambia," akaongeza kwa kujilaumu, "ukuta wangu asiutoboe mtu mimi sipo."

Nikampigia wifi. Nikamwambia amwambie baba kwamba nataka kutoboa ukuta wake wa Nzuguni. Nilimsikia wifi akipaza sauti kama anaita ng'ombe, mara mbili. Kisha nikasikia sauti ya baba kwa mbali: "Asiguse! Mwambie asiguse mpaka nije!"

Ilikuwa sauti yake ya kwanza kwenye simu yangu kwa miaka miwili. Nilikasirika, na nilifurahi.

Alifika kesho yake na basi la kwanza, ameshika mfuko wa saruji uliokunjwa, ndani yake nyundo na tindo. Stendi nilimwamkia mara mbili ndipo akaitikia, na alipoitikia alikuwa anatazama mdomo wangu. Nikasema moyoni, kiburi hiki mzee atazikwa nacho.

Mama muuguzi alitupokea na chai ya tangawizi. Mimi nilikuwa nimeshawasha moto kabla ya kwenda stendi, kwa sababu televisheni juu ya moto ni jambo la kupimwa wala si la kukisia. Nilipanda ngazi, nikaweka kiganja ukutani juu ya rafu, nikakiacha pale. Ukuta ulikuwa vuguvugu tu. Rafu ile ya jiwe ilikuwa inausukuma moto mbele, mbali na ukuta. Baba hakuijenga kwa ajili ya televisheni, lakini ilikuwa imekaa sawasawa na nilivyotaka. Nilimsifia. Hakuitikia. Alikuwa anautazama ukuta wake.

Tuliacha moto ufe, nikapandisha braketi na pimamaji, nikaonyesha mahali ambapo bolti nne zingepaswa kuingia, na kwamba naweza kusogea kiganja kimoja huku au kule. Baba akachukua nyundo. Alipanda ngazi mwenyewe, mguu ule wa kushoto ukifuata, nami nikashika ngazi kwa mikono miwili. Akaanza kugonga.

Anayejua mawe anajua kwamba jiwe zima linalia. Ukiligonga sauti inatoka nyembamba na inakaa hewani kidogo. Jiwe lenye ufa ndani halilii, linatoa sauti ya debe lenye mchanga. Hilo ukilitoboa linapasuka, leo au mwezi ujao, na kilichofungwa juu yake kinashuka. Nilijifunza hayo nikisubiri bakuli.

Baba aligonga jiwe la kwanza, akainamisha kichwa vile vile kama zamani. Lililia. Akaweka alama ya chaki. La pili likalia, akaweka alama. Kisha akagonga la tatu, jiwe jeusi zuri kuliko yote, lililokaa kushoto, pana, ambalo bolti mbili zingeweza kuingia.

Lilitoa sauti ya debe.

Akainamisha kichwa. Akagonga tena. Debe. Akaweka alama mbili za chaki, akatutazama pale chini akitabasamu.

"Hapa ndipo penyewe," akasema kwa sauti kubwa. "Hili linabeba ng'ombe. Toboa."

Hapo ndipo nilipoelewa. Baba alikuwa hasikii. Nyundo ya miaka hamsini ilikuwa imemaliza masikio yake, na hakumwambia mtu. Simu hazikuwa za wavivu. Shikamoo za sikukuu alizijibu kwa kichwa kwa sababu aliona midomo tu. Na wiki zile tatu hakunitafuta kwa sababu mimi ndiye niliyekaa naye asubuhi zote zile, na mimi ningejua. Nilijisikia vibaya mno kwa yote niliyokuwa nimemfikiria, na sikuwa na nafasi ya kujisikia vibaya, kwa sababu mama muuguzi alikuwa amesimama na sinia la vikombe akisubiri nitoboe.

Nikitoboa jiwe lile, litapasuka, na televisheni ya watoto wa watu itashuka juu ya wajukuu. Nikikataa, namwambia baba yangu mbele ya mteja wake, kwenye ukuta wake, kwamba hajui jiwe. Kumnong'oneza hakuwezekani. Nikipaza sauti, anasikia mama muuguzi kabla yake yeye.

Nilichukua drili, nikaiweka chini tena. Ngazi ilikuwa ya kupandwa pande zote mbili; nikapanda upande wa pili, tukawa tumetazamana, uso kwa uso, mimi na yeye, juu ya rafu. Nikamwomba nyundo kwa mkono. Alisita. Sikumbuki kama nyundo ile iliwahi kushikwa na mwingine. Akanipa.

Nikaushika mkono wake wa kulia, nikaulaza kiganja juu ya jiwe la kwanza, lile lililolia, nikaligonga taratibu pembeni mwa vidole vyake. Jiwe linalolia linatetemeka. Nilimwona akishtuka kidogo. Nikausogeza mkono kwenye la pili, nikagonga. Likatetemeka. Kisha nikaulaza juu ya lile jeusi. Nikagonga mara moja. Nikagonga mara ya pili.

Baba alinitazama. Macho yake yalijaa maji, lakini hayakumwagika, na mimi nilitazama chaki.

"Hili halisemi," akasema. Safari hii alisema polepole.

"Halisemi, baba."

Akalipapasa lile jiwe kwa kiganja chote, kisha akakwaruza pembeni kwa tindo. Wekundu ulitokea chini ya weusi. "Ni figa," akasema. "Nililiokota kwenye hame, walikohama watu zamani. Limepikiwa miaka. Nikaona weusi wake nikaupenda. Jiwe lililopikiwa linakufa ndani." Akageuka kwa mama muuguzi. Nilidhani atatafuta maneno ya kujitoa. Hakutafuta. "Mama, jiwe hili nililiweka bila kulisikia. Masikio yangu yalikuwa yameshakwisha. Nilikujengea ukuta huu nikiwa kiziwi."

Mama muuguzi aliweka sinia mezani. "Ukuta utaanguka?"

Baba alikuwa ameshautazama mdomo wake. Lakini hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi, akaniuliza kile alichotaka kujua, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayesubiri majibu hospitali.

"Na mengine?"

Kama lile lilikuwa limekufa, yalikuwa mangapi mengine? Alikuwa ameinua mamia ya mawe, akayagonga kwa mazoea, akainamisha kichwa, na hakusikia hata moja.

Nikaanza chini, kwenye mawe makubwa. Nililigonga kila jiwe. Sikuruka hata yale madogo ya kujazia. Baba alikuja nyuma yangu akiweka kiganja mahali ninapogonga, na nikimaliza moja nageuka ananiona uso, naitikia kwa kichwa, tunaendelea. Mama muuguzi alituhamishia ngazi. Chai ikapoa, akachemsha nyingine. Nilisikia mawe ya vilima vyetu yakilia moja baada ya jingine, mengine kwa sauti nyembamba, mengine kwa sauti nzito, na kadiri nilivyopanda ndivyo nilivyozidi kujisikia kutamba. Huyu ni baba yangu. Hasikii, na amechagua kwa jicho, kwa uzito mkononi, na kwa namna jiwe linavyovunjika kwenye tindo. Jua lilikuwa limeshageuka dirishani nilipogonga la mwisho chini ya dari.

Nilishuka. Nikamwinulia kidole kimoja.

"Moja tu, baba. Lile lile."

"Moja?"

"Moja."

Alikaa kwenye kochi la mama muuguzi na vumbi lake lote, akacheka. Sijui lini nilimwona akicheka hivyo. Alisema "moja" kama mara nne, kisha akaomba chai.

Nilisogeza braketi kulia ile nafasi ya kiganja kimoja, nikapata mawe mengine mawili yanayolia. Nilianza na biti nyembamba, bila kugongesha drili, maji yakidondoka kidogo kidogo kupoza, kisha nikaongeza unene. Unga uliotoka na maji ulikuwa mweupe, unga wa jiwe zima. Kwa kuwa uso wa mawe haulingani, nilikata vipande vya bomba la chuma kwa vipimo tofauti, nikavivalisha kwenye bolti, ili braketi isimame wima bila kulazimisha jiwe lolote. Baba alifuata kila hatua. Nilipokata kipande cha tatu kifupi mno aliniambia kabla sijakijaribu, na alikuwa sahihi, jambo lililoniudhi.

Bolti zilipokaza alinisogeza pembeni, akaishika braketi kwa mikono miwili, akainua miguu. Mama muuguzi alipiga kelele. Mzee wa miaka sabini na kitu akaning'inia kwenye ukuta wake, soksi zinaonekana, akahesabu mpaka kumi, akashuka.

"Kuning'iniza," akaniambia, "nako ni kazi."

Tulipopandisha televisheni ilikaa juu ya lile jiwe jeusi na kulifunika lote. Baba alisimama mlangoni akahakikisha, akahamia dirishani akahakikisha tena. Kisha mama muuguzi akaiwasha, akapandisha sauti mpaka mwisho kwa ajili yake, vikombe vikatikisika. Baba akaenda kuweka kiganja kwenye rafu ya jiwe. Akakaa hivyo muda mrefu, akitikisa kichwa taratibu, na alipotuona tunamtazama akasema taarifa ya habari ni nzuri.

Jioni nilimsindikiza stendi. Kabla ya kupanda basi alisimama mbele yangu ili anione mdomo.

"Kusikia jiwe, nani alikufundisha?"

"Wewe. Nilikuwa nasubiri bakuli."

Alifikiri. "Ndiyo maana nilikuwa nakunywa polepole," akasema, akapanda.

Sikujua kama ni kweli au amenitania, na basi likaondoka sijauliza.

Wiki ile nilifanya kazi nimenuna kwa furaha, kama kuna kununa kwa namna hiyo. Niliwakaripia wateja wawili bure. Alhamisi simu ikaita, wifi.

"Baba amepata kazi ya msingi wa nyumba huku Mlali. Wa mawe. Anasema Jumamosi uje."

"Nije kufanya nini?"

Nilimsikia wifi akigeuka na kupaza sauti. Nikamsikia baba akijibu kwa mbali, na kabla wifi hajarudia nilikuwa nimeshasikia kila neno.

"Mwambie aje na masikio. Mimi nina mikono."

Ijumaa mchana nilifunga duka.